Philly Lutaaya Jukwaani: Picha za Onyesho na Wajibu Wetu Kwake

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kampala baada ya kuoneshwa kwa filamu Born in Africa

Filamu tuliyomaliza kuitazama ilitolewa mwaka 1990. Aliyeiongoza ni Mkanada John Zaritsky, mtengenezaji wa filamu za hali halisi ambaye tayari alikuwa na tuzo ya Oscar, na huko Marekani ilirushwa na PBS. Jina la filamu limetoka kwenye wimbo wa mtu inayemhusu, Philly Bongole Lutaaya, ambaye vijana wengi wa jiji hili wanaijua sauti yake kuliko wanavyoijua sura yake.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumuenzi mwanamuziki aliyefariki kwa kutumia picha za zamani za maonyesho yake. Msimamo wangu nausema mapema ili mnipime nao. Picha za jukwaani zioneshwe pamoja na maneno aliyoyasema mwimbaji, na pamoja na watu waliokuwa wamesimama mbele yake. Ukiuchomoa wimbo ukaacha mengine, burudani itabaki lakini ushahidi utakuwa umepotea. Na kwa Lutaaya, ushahidi ndio uliomgharimu.

Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951. Aliacha shule akiwa kijana mdogo akaingia kwenye bendi, enzi ambazo mpiga gitaa wa Kampala alitakiwa ajue rumba ya Kongo, soul ya Marekani na roki ya Uingereza, na aweze kuzipiga zote usiku mmoja bila kusitasita. Kama wenzake wengi wa rika lile alitafuta riziki nje ya nchi, Kenya ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na katikati ya miaka ya 1980 akahamia Stockholm. Huko Uswidi walikuwako Waganda wengine wa muziki, akina Sammy Kasule na Frank Mbalire. Humo ndimo zilimotoka nyimbo zilizomrudisha nyumbani akiwa nyota: magitaa na vinanda vya umeme vya Ulaya, Kiganda na Kiingereza, pamoja na uchungu wa mtu aliyeiona nchi yake ikiungua kutoka mbali. Mimi namwita mwanamuziki wa roki, na watakaobisha sitagombana nao. Mtazameni tu anavyolitawala jukwaa, kisha mchague jina mnalolitaka.

Mwezi Aprili 1989 alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI.

Ninyi mliozaliwa baada ya dawa kupatikana, naomba mvumilie kidogo niwaeleze maana ya tarehe hiyo. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu madaktari waliofanya kazi Uganda waandike katika jarida la Lancet, mwaka 1985, kuhusu ugonjwa mpya wa kukondesha uliokuwa ukiua watu Rakai na Masaka, ule ambao watu waliuita slim, na kwa Kiganda siliimu. Noerine Kaleeba na wenzake walikuwa wameanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, mwaka 1987, mwaka uleule aliofiwa na mume wake kwa ugonjwa huo. Dawa ya AZT iliidhinishwa Marekani mwaka huohuo wa 1987, lakini kwa mtu wa Kampala bei yake ilikuwa sawa na kuambiwa haipo. Tiba ya kuchanganya dawa tatu, inayowaweka watu hai leo, ilikuja mwaka 1996. Kwa hiyo aliyesema mwaka 1989 kwamba anao alikuwa anawaambia watu kwamba anakufa, na alikuwa anawapa ruhusa ya kumkimbia. Sahani yake ingetengwa. Wanawe wangenyooshewa vidole shuleni.

Wengi hawakumwamini. Walimtazama wakamwona bado mtu wa mwili wake, amevaa vizuri, ametoka Ulaya, wakasema anatafuta soko la kanda zake. Wengine wakasema wazungu wamemlipa. Hapo ndipo kamera ya Zaritsky ilipokuja kuwa na thamani ambayo nadhani hata wapigapicha wenyewe hawakuikadiria. Ilimfuata Uganda na Uswidi, shuleni, kanisani na jukwaani, katika miezi ambayo mwili wake ulikuwa ukipungua. Aliyebisha mwanzoni mwa filamu hana la kubisha mwishoni. Hakuna aliyehitaji kumtetea, kwa sababu miezi yenyewe ilimtetea, na miezi hiyo ipo ndani ya filamu, ikifuatana kwa mpangilio wake. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38.

Mpangilio huo ndio ninaoutetea. Hebu tumtazame mwimbaji mwingine ambaye Afrika Mashariki ina haki ya kumdai. Freddie Mercury wa kundi la Queen alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Naye aliugua UKIMWI. Taarifa ya kukiri ugonjwa wake ilitolewa tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki. Simlaumu hata kidogo. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yamemwinda kwa ukatili, na mgonjwa hana deni la kumweleza jirani ugonjwa wake. Aprili 1992 wenzake walimfanyia tamasha kubwa la kumbukumbu katika uwanja wa Wembley, likatazamwa duniani kote. Kisha mwaka 2018 ikaja filamu ya kuigiza, Bohemian Rhapsody, inayomwonesha akiwaeleza wenzake kwamba ni mgonjwa kabla ya onyesho lao maarufu la Live Aid, Julai 1985. Kwa yanayofahamika, majibu ya vipimo aliyapata mwaka 1987. Waandishi wa filamu walizisogeza tarehe ili onyesho lipendeze zaidi, na sasa mamilioni ya watu wanaitazama picha halisi ya Live Aid wakiamini kwamba wanamwona mtu aliyekwisha kujua kuwa anakufa. Wanalia kwa jambo ambalo halikuwapo siku ile.

Nawaambia haya kwa sababu siku moja mtu atataka kuigiza maisha ya Lutaaya, na akifanya hivyo kwa ustadi nitakuwa wa kwanza kununua tiketi. Lakini filamu ya kuigiza inaweza kuaminiwa pale tu ambapo mtazamaji anaweza kwenda kuitazama ile ya kweli na kulinganisha.

Kuna pia Franco Luambo Makiadi wa Kinshasa, fahari ya Kongo nzima na ya kila baa ya Kampala. Mwaka 1987 alitoa Attention na SIDA, wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya ugonjwa huu. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, miezi miwili tu kabla ya Lutaaya. Franco alisimama mahali pa mwalimu akawaonya wengine. Lutaaya alisimama mahali pa mgonjwa akajitaja mwenyewe. Wote wawili tunawahitaji, ila naomba tuione tofauti ya gharama.

Sasa nije nyumbani, kwenye jambo linaloniuma. Ingieni Kikuubo wiki ya pili ya Desemba. Au soko la Owino, au ndani ya teksi inayosubiri kujaa pale Old Taxi Park. Mtamsikia Lutaaya tangu asubuhi mpaka wafunge maduka, kwa sababu zile nyimbo za Krismasi alizorekodi akiwa ughaibuni zimekuwa ndizo Krismasi yenyewe ya nchi hii. Zuukuka, Tumusinze, Gloria: mtoto wa miaka mitano anazijua. Mwuza kuku anazipiga, supamaketi zinazipiga, makanisa yanazipiga, Waislamu wanazitikisia kichwa. Mji mzima unaimba na Lutaaya katika siku zilezile alizofariki, na ukimwuliza dereva wa hiyo teksi tarehe kumi na tano ni siku gani, atakujibu kwamba ni siku ya nauli kupanda.

Simlaumu dereva. Amepewa nusu ya mtu. Vipande vya Lutaaya vinavyozunguka kwenye simu za watu ni vya dakika tatu nne: anaimba, umati unapunga mikono, kinakatwa. Aliyekata aliona maneno ya katikati ya nyimbo kuwa ni kupoteza muda wa mtazamaji. Lakini nyimbo alikuwa nazo kwenye kaseti, na angeweza kutuma kaseti akabaki Stockholm karibu na hospitali. Alisafiri akiwa mgonjwa ili aongee na watu ana kwa ana. Wimbo wake Alone and Frightened, unaoeleza upweke wa mgonjwa wa UKIMWI, unasikika vingine kabisa ukiutazama unatoka kwenye kinywa cha mtu ambaye sasa hivi amewaeleza wanafunzi hali yake na kuwasihi wajilinde. Ukikata maneno yale, unabaki na wimbo wa huzuni wenye sauti nzuri, na nyimbo za huzuni tunazo nyingi.

Tena maneno yale yalifanya kazi. Baada ya kufa kwake, watu wanaoishi na VVU walijitokeza kwenda shuleni, makanisani, misikitini na sehemu za kazi kutoa ushuhuda wao wenyewe, chini ya mpango uliopewa jina lake, na tarehe 17 Oktoba ikatengwa kuwa Siku ya Philly Lutaaya. Uganda ya mwanzo wa miaka ya 1990 ilikuwa na kliniki za wajawazito mjini ambako zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne waliopimwa alikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka sana. Wataalamu wanajadiliana mpaka leo ni kipi kilishusha kwa kiasi gani, na sitajifanya kuwa Lutaaya peke yake ndiye aliyeishusha. Ninalosema ni kwamba ule ujasiri wa kusema “mimi” mbele ya umati ulikuwa na mtu aliyeanza nao, na tunayo picha yake akifanya hivyo.

Na huo umati. Naomba mara nyingine mkiitazama filamu hii muwaache wanamuziki kidogo, muwatazame watazamaji. Wasichana wenye nywele fupi za shule. Vijana wenye mashati ya kola pana. Kina mama waliokuja na watoto mgongoni. Kwa hesabu za miaka ile, wengi kati ya nyuso hizo hawakuufikia mwaka 2000. Simu za kamera hazikuwapo. Mtu wa kawaida wa Kampala alipigwa picha studio mara chache katika maisha yake yote, na baada ya mazishi hata hizo chache ziligawanywa kati ya ndugu, zikapotea katika kuhama nyumba. Wako watu wazima katika mji huu, waliolelewa na nyanya zao, ambao hawajawahi kumwona mama yao akicheka. Inawezekana kabisa kwamba anacheka kwa sekunde mbili kwenye mstari wa tatu wa filamu ya mtu mwingine. Kwa hiyo tunapohifadhi picha za onyesho la mwimbaji, tunahifadhi pia albamu ya familia ambazo hazikubaki na albamu. Hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutokata picha za umati, hata zile ambazo mhariri anaona hazina kazi.

Basi picha hizi ziko wapi? Filamu za watengenezaji wa nje zimehifadhiwa nje, kwa wenye mali. Zilizopigwa na televisheni yetu ziko kwenye kanda zilizopita mikono mingi: Televisheni ya Uganda ilianza mwaka 1963, ikaunganishwa na Redio Uganda mwaka 2005 ikawa UBC, na katikati hapo kuna mapinduzi, vita, uporaji na mabomba ya maji yanayovuja. Wala msidhani ni aibu ya Waafrika peke yao. BBC wenyewe walifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ili wazitumie tena. Zilizosalia zina maadui wawili. Wa kwanza ni joto na unyevu. Filamu ya zamani ikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, na ikishaanza inaambukiza zile zilizo karibu nayo. Kanda ya sumaku inaota kuvu, au gundi yake inalainika na kunata kwenye mashine. Adui wa pili ni mashine zenyewe. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walishaonya kwamba mwaka 2025 ungekuwa kama mpaka, kwamba kanda zisizohamishwa kabla ya hapo huenda zisipate tena mashine ya kuzisoma. Mpaka huo umeshatufikia.

Lakini sisi tunayo mifano ya kwetu, na ni mifano mizuri. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kati ya 1948 na 1957, alizunguka nchi hii akirekodi ngoma, zeze, amadinda na nyimbo za makabila mengi. Rekodi zile zikaishia London, katika British Library. Miaka sitini hivi baadaye Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Chuo Kikuu cha Makerere alifanya kazi ya kuzirejesha nakala zake, na leo ziko pale chuoni kwenye hifadhi yenye jina la Wachsmann. Mfano wa pili ni wa UBC. Mwaka 2015 liligundulika kabati lenye negativu takribani 70,000 za wapigapicha wa serikali. UBC yenyewe, Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Western Australia wakaanza kuzihamishia kwenye kompyuta, na mwaka 2019 Jumba la Makumbusho pale Kira Road likafanya maonyesho ya picha za enzi za Idi Amin. Watu walisimama mbele ya picha zile wakiwatafuta ndugu zao. Ikiwa imewezekana kwa picha za dikteta, itashindikanaje kwa mtu ambaye nchi nzima inamwimba kila Desemba?

Najua mtauliza kuhusu haki za wenye mali, na ni swali la haki. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inazilinda kazi za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Lutaaya hiyo inatupeleka hadi mwaka 2039. Warithi wake walipwe. Hilo halina mjadala, na kila anayebandika kipande cha wimbo wake ili auze soda alijue. Kwa filamu, wenye nayo waombwe kwa barua rasmi waruhusu nakala kamili iwekwe Makerere, na nyingine kwenye Hifadhi ya Taifa pale Wandegeya, itazamwe bure na wanafunzi. Kuomba nakala ya kuhifadhi si kunyang'anya.

Na ikishapatikana, tuioneshe kwa namna ya Kampala. Tunao watu ambao nchi nyingi hawana: VJ wa vibanda vya sinema, anayekaa na kipaza sauti akiifasiri filamu papo hapo kwa Kiganda, anayejua lini azungumze na lini anyamaze. Wasomi wamewadharau watu hawa kwa muda mrefu na wamekosea. Sehemu kubwa ya filamu hii iko katika Kiingereza, na mama muuza matooke wa Nakawa ana haki ya kuielewa yote. Nampendelea VJ mzuri aliyeitazama filamu mara kadhaa akazungumza na familia ya marehemu, kuliko maandishi madogo chini ya kioo yanayopita haraka.

Nimalizie kwa jambo la kufanya mkifika nyumbani. Katika nyumba nyingi za mji huu kuna kanda za VHS za miaka ile, juu ya kabati au chini ya kitanda, za arusi, mazishi, kwaya na matamasha. Niliwahi kuletewa moja ambayo jina la Philly liliandikwa kwa wino wa buluu, likafutwa kwa mstari, juu yake pakaandikwa “Arsenal”. Ndani yake mlikuwa na mpira, na mwishoni kabisa, baada ya filimbi, sekunde chache za jukwaa na mtu mwembamba anayeelekea kwenye kipaza sauti. Kwenye mgongo wa kila kanda ya VHS kuna kijilimi kidogo cha plastiki, upande wa kushoto. Kikivunjwa, deki haiwezi tena kurekodi juu yake. Kivunjeni leo usiku. Mkiona unga mweupe kwenye kingo za mkanda, hiyo ni kuvu: kanda hiyo msiiweke kwenye deki hata kwa kujaribu, itachafua mashine na kuutafuna mkanda. Zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na mabati ya paa na mbali na spika. Andikeni kwenye karatasi, kwa penseli, mwaka, mahali, na majina ya wote mnaowatambua, wakiwamo wale wa nyuma. Kisha mzilete. Mezani pale mlangoni kuna daftari. Andikeni jina na aina ya kanda mliyo nayo, na tutawapigia simu kabla ya mwezi kwisha.